Kumpokea mwanafunzi wa usanifu majengo ofisini: mwongozo kamili kwa ofisi ndogo

Ikifika Mei na Juni, wanafunzi wenye bahasha za kaki huanza kupita ofisi hadi ofisi jijini Dar es Salaam. Ndani ya bahasha mna barua ya utambulisho yenye muhuri wa chuo, wasifu, na wakati mwingine nakala za kazi za studio. Wengi wanatoka Chuo Kikuu Ardhi, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengine wametoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Wanatafuta pa kufanyia fildi, yale mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu ambayo kwa kawaida huchukua wiki nane hivi. Katibu muhtasi anapokea bahasha, anaiweka juu ya nyingine, na mwezi mmoja baadaye anayepata nafasi ni yule aliyekuja na kimemo cha mjomba.

Mwongozo huu ni wa mwenye ofisi ya watu wachache, watatu hadi kumi na watano, anayetaka kuifanya kazi hii vizuri na aone faida yake. Ofisi kubwa zina idara ya rasilimali watu na fomu zake. Hizi zetu zina meza ya ziada na nia njema tu.

Utaratibu wa chuo na mwajiri kulea mwanafunzi kwa zamu una zaidi ya karne. Herman Schneider aliuanzisha mwaka 1906 katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, kwa wanafunzi wa uhandisi: kipindi darasani, kipindi kazini. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilianza mwaka 1957 kikiwa na mpango huohuo, na leo wanafunzi wake wa usanifu majengo wanakwenda ofisini kwa vipindi vya miezi minne, kwa mshahara, zaidi ya mara moja kabla ya kumaliza shahada. Jimbo la Ontario, kilipo chuo hicho, humpa mwajiri nafuu ya kodi inayoweza kufika dola 3,000 za Kanada kwa kila nafasi.

Sisi hatuna miezi minne wala nafuu hiyo, kwa hiyo hesabu yetu ni nyingine. Katika wiki nane, mbili za kwanza mwanafunzi anakula muda wako, na ya mwisho anahangaika na ripoti ya chuo. Zinabaki tano za kazi, na humo mna siku za msiba, foleni na umeme kukatika. Mwanafunzi anayekuja mara moja akaondoka ni gharama unayoibeba kwa ajili ya fani. Akirudi mwaka unaofuata anajua faili ziko wapi, mchoro unaitwaje na mhandisi wako anapenda nini; anaanza kuzalisha siku ya pili. Kwa hiyo panga kila hatua hapa chini ukifikiria mwaka wa pili.

Kabla ya kusema ndiyo

Jiulize nani atakaa naye. Jibu "sote" maana yake hakuna. Anatakiwa mtu mmoja, mwenye jina, ambaye yuko ofisini siku nyingi za wiki na ana saa moja kwa siku ya kutoa. Akiwa ndiye mwenye ofisi anayeshinda kwenye vikao vya wateja, mpango umekufa kabla ya kuanza. Msaidizi mwenye miaka mitatu minne ya kazi mara nyingi anafaa zaidi: bado anakumbuka asichokijua mwanafunzi. Msimamizi mmoja, mwanafunzi mmoja. Wawili wanawezekana iwapo mmoja wao amerudi kwa mara ya pili.

Angalia pia kazi zilizopo mezani. Ofisi yenye jengo moja linalojengwa na mradi mmoja uliopo kwenye hatua ya michoro ya ujenzi ina kila kitu cha kufundishia. Ofisi iliyo katikati ya kusubiri malipo, isiyo na saiti wala mchoro unaosonga, impe mwanafunzi jibu la hapana mapema aende kwingine. Kumweka wiki nane akipanga majarida ni kumwibia mwaka.

Kisha chagua mwaka wa masomo unaokufaa. Shahada ya usanifu majengo hapa ni ya miaka mitano. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili anaweza kupima majengo, kutengeneza modeli na kuchora kwa mkono, lakini michoro ya ujenzi bado ni kizungumkuti kwake. Wa mwaka wa tatu ameshaonja ujenzi, anajua programu mbili tatu, na ana miaka miwili mbele. Huyo ndiye wa kumchukua, ili akiwa mwaka wa nne arudi. Wa mwaka wa nne unayemchukua kwa mara ya kwanza atakufaa sana, ila jua kwamba mwaka wake wa mwisho utamezwa na mradi wa kuhitimu.

Kalenda

Anza Februari, wakati bahasha hazijaanza kuja. Mwandikie mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa idara ya usanifu majengo chuoni, umwambie una nafasi ngapi, za mwaka gani, wapi. Machi peleka tangazo. Aprili fanya usaili. Epuka wiki za kuwasilisha kazi za studio, maana atakuja na macho mekundu na hutamjua. Mei toa barua za kukubali na za kukataa. Likizo ndefu huanza Julai, na tarehe kamili utaipata kwenye barua ya chuo.

Ukianza mapema unapata na jibu la kuwapa wenye vimemo: nafasi zilitangazwa Machi, zikajazwa Aprili. Hakuna atakayekununia kwa hilo, au akinuna atanuna kidogo.

Tangazo

Liwe fupi na liseme ukweli. Mfano:

"Ofisi yetu ya usanifu majengo iliyopo Mikocheni inatafuta mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu kwa mafunzo ya vitendo ya wiki nane kuanzia Julai. Atashiriki kupima jengo lililopo, michoro ya ujenzi ya shule ya ghorofa mbili, na kwenda saiti Kibaha mara moja kwa wiki. Tunatumia programu ya kuchora ya ArchiCAD, asiyeijua atafundishwa. Kompyuta ipo. Saa za kazi ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ofisi inatoa nauli, chakula cha mchana na posho. Tuma kurasa zisizozidi nane za kazi zako, angalau moja ikiwa ya mkono, pamoja na barua ya ukurasa mmoja. Kwa Kiswahili au Kiingereza, upendavyo."

Sentensi ya kompyuta ina uzito kuliko inavyoonekana. Ukiandika "aje na laptopu yenye uwezo mkubwa", umeshachuja kwa mfuko wa mzazi. Anayechora vizuri na laptopu ya kuazima chumbani kwa rafiki hataomba. Kama kweli huna kompyuta ya ziada, sema hivyo, na useme pia kwamba kazi za kupima na modeli hazihitaji.

Kusoma kazi zake

Siku hizi kurasa nane zinaweza kuja zikiwa zinang'aa: machweo, maji ya bwawa, gari la bei mbaya mlangoni. Programu za picha kama Lumion na Enscape zinafanya kazi hiyo kwa mwanafunzi yeyote mwenye usiku mmoja. Zipite haraka. Tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni mkato wa jengo, yaani sekisheni. Angalia kama ardhi ipo chini ya jengo, kama msingi umefikiriwa, kama slabu ina unene na paa lina kenchi au linaelea. Mwanafunzi aliyechora mkato wake kwa makini ameshajiuliza jengo linasimamaje. Cha pili ni ngazi. Ngazi humuumbua mtu kuliko mchoro mwingine wowote: hesabu vidato kwenye ramani ya sakafu, kisha uvihesabu kwenye mkato. Kutoka sakafu hadi sakafu ikiwa milimita 3,150 na kila kidato kina kimo cha 175, lazima vimo viwe 18. Kukiwa na 14 kwenye ramani na 11 kwenye mkato, muulize kwa upole alifikaje ghorofani. Cha tatu ni mchoro wa mkono, hata wa kalamu ya kawaida kwenye daftari. Hutafuti uzuri. Unataka kujua kama anaweza kufikiri akiwa amesimama saiti, jua la saa saba, bila umeme.

Kazi za kikundi zipo nyingi vyuoni na si kosa. Uliza tu: wewe ulifanya sehemu gani? Anayejibu "nilitengeneza modeli na kuhesabu maeneo" bila kujikweza, mwekee alama.

Usaili wenye futikamba

Maswali ya "unajiona wapi miaka mitano ijayo" waachie benki. Mpe futikamba, karatasi na saa moja, umwambie apime chumba kimoja cha ofisi na akichore kwa skeli 1:50. Wewe endelea na kazi zako, ukimtupia jicho.

Utaona mambo ambayo wasifu hausemi. Je, alizunguka chumba kwanza na kuchora picha ya haraka kabla ya kufungua futikamba, au alianza kupima pembe ya kwanza aliyoikuta? Alimwita mtu amshikie upande wa pili, au alihangaika peke yake kwa aibu? Alipima unene wa ukuta mlangoni? Kimo cha dirisha kutoka sakafuni? Alionyesha mlango unafungukia upande gani? Na zaidi ya yote, alipima mshazari? Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye pembe mraba kina mshazari wa mita 5 kamili. Ukipata 5.06, pembe hazijakaa, na mchoro wake wa mraba safi ni uongo mzuri. Wengi hawapimi mshazari. Hilo si la kumkatia mtu, maana linafundishika kwa dakika tano. Cha kuangalia ni anavyopokea unapomwonyesha: anarudi kupima mwenyewe, au anaanza kujitetea?

Baada ya hapo zungumzeni. Swali moja zuri kwa anayesoma Dar es Salaam: jengo gani la mjini umewahi kuingia ndani ukalitazama paa? Akitaja soko la Kariakoo la Beda Amuli, na miavuli yake ya zege, mwambie achore mwavuli mmoja na maji ya mvua yanavyoshuka. Akitaja nyumba ya bibi yake Moshi au Mtwara, ni sawasawa. Asiyeweza kutaja jengo hata moja alilolitazama kwa macho yake, huyo anasoma usanifu kwenye simu.

Wasaili wasiwe mtu mmoja. Awepo msimamizi mtarajiwa, maana ndiye atakayekaa naye. Andikeni alama kila mmoja kwake kabla hamjasemezana. Waterloo wana utaratibu wa mwajiri kuwapanga waombaji kwa namba, na waombaji nao kuwapanga waajiri, kisha mfumo unawaoanisha. Hatuna mfumo huo, lakini nusu yake unaweza kuifanya bure: muulize mwanafunzi ofisi nyingine alizoomba na ipi anaipenda. Anayetaka kweli kwenda kwenye mipango miji, mwache aende.

Waliokosa waandikie. Mistari miwili inatosha, na ukiweza taja kitu kimoja ulichokipenda kwenye kazi zao. Fani hii hapa nchini ni ndogo. Huyo uliyemnyamazia atakuwa upande wa mteja siku moja.

Pesa

Mada hii hukwepwa, kwa hiyo tuiseme wazi. Wanafunzi wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wanaweza kuwa na fungu la mafunzo kwa vitendo. Si wote wana mkopo, wala fungu hilo si lazima liwe limeingia siku ya kwanza ya kazi. Ukikaa ukiamini "ana bumu", utashangaa kwa nini haji siku za mwisho za wiki ya kazi.

Chini kabisa, asitumie pesa yake kukufanyia kazi. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi anakoishi, si kutoka chuoni, maana hosteli nyingi hufungwa likizo naye huenda yuko kwa shangazi Mbagala au Chanika. Ongeza chakula cha mchana. Tuseme vyote vinakuja shilingi 5,000 hadi 6,000 kwa siku. Kwa siku 22 ni 110,000 hadi 132,000 kwa mwezi. Hiyo ni sakafu tu, na nauli ya saiti iko mbali na hapo, ilipwe kabla ya safari. Juu yake weka posho kadiri ya uwezo. Kama mchoro wake unaingia kwenye seti ya michoro unayomlipisha mteja, nafsi yako inajua kwamba nauli haitoshi.

Anayerudi mwaka wa pili alipwe zaidi, kwa kiwango mlichokubaliana kabla hajaondoka mwaka wa kwanza. Malipo yakizidi shilingi 270,000 kwa mwezi yanaingia kwenye kodi ya mapato ya ajira, hivyo mhasibu ajue mapema. Lipa kila baada ya wiki mbili. Mwezi ni mrefu mno kwa mtu asiye na akiba.

Barua ya makubaliano

Kurasa mbili, lugha nyepesi, sahihi tatu: ofisi, mwanafunzi, chuo. Ziwemo tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi, jina la msimamizi, malipo na siku za kulipa. Mengine manne husahaulika, nayo ndiyo huleta ugomvi.

Kwanza, akiumia. Wanafunzi wengi wana bima ya afya ya NHIF kupitia chuo. Omba nakala ya kadi, na uandike nani anagharimia kisichofunikwa. Pili, siri za wateja: bei, michoro ya nyumba ya mtu, hati za kiwanja. Picha za saiti zisiende kwenye hadhi ya WhatsApp bila ruhusa. Tatu, kazi atakazoruhusiwa kuziweka kwenye mkusanyo wake. Ruhusu kwa ukarimu, kwa sharti kwamba aandike jina la ofisi na sehemu aliyofanya. Kumnyima kabisa ni uchoyo usio na faida, maana ndicho kitu pekee atakachoondoka nacho. Nne, muhuri. Michoro inatoka ofisini kwa jina la aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, basi. Mwanafunzi hasaini, hagongi muhuri, hatumi mchoro moja kwa moja kwa mteja au kwa fundi, hata fundi akipiga simu na kuomba "kaka nitumie tu kile kipande cha ngazi". Jengo la Kariakoo lililoporomoka Novemba 2024 na kuua watu liliwakumbusha wote mjini kwamba uamuzi mdogo juu ya nguzo si mdogo.

Andika pia aende kwa nani akisumbuliwa, na mtu huyo asiwe msimamizi wake. Wasichana wanaokwenda saiti wanakutana na mengi. Waambie mafundi na msimamizi wa saiti, mbele yake, kwamba huyu ni wa ofisi na kauli kwake ni kauli kwa ofisi. Na uhakikishe saiti ina choo chenye mlango.

Wiki ya kwanza

Usimpe kazi ya mteja. Siku ya kwanza mpeleke kwenye jengo mlilolimaliza, akiwa na seti kamili ya michoro yake mkononi. Atembee chumba hadi chumba akilinganisha karatasi na kilichopo, na aandike kila tofauti: dirisha lililosogea, mlango uliogeuzwa, bomba la maji ya mvua lililotokea mahali hakuna aliyelichora. Jioni mweleze kila tofauti ilikujaje. Asubuhi moja ya namna hiyo inamfundisha kinachosomwa kwenye mchoro na fundi, na kinachopuuzwa.

Siku ya pili na ya tatu ni za mambo makavu: majina ya faili, tabaka za mchoro, unene wa mistari, namna ya kuhifadhi nakala. Mpe karatasi moja ya zamani ainakili mstari kwa mstari. Atachoka, lakini mkono wake utakuwa umeshika desturi ya ofisi. Programu mnazotumia ziwe halali. Usimfundishe mtoto wa watu kuanza fani na nakala ya wizi.

Kabla ya kukanyaga saiti apewe kofia ngumu, viatu vya kazi vyenye ncha ya chuma na kizibao cha kung'aa, saizi yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambana mwenye eneo la kazi, na haiulizi kama aliyeumia alikuwa mwajiriwa au mgeni. Mwambie bila kuzunguka: hapandi jukwaa ambalo msimamizi wa saiti hajalikagua, haingii kwenye shimo la msingi lenye kina cha kufika kifuani bila kingo, hapiti chini ya mzigo unaoning'inia, na hasimami kwenye mbao za boksi zege likimwagwa bila kuonyeshwa pa kusimama.

Kazi za kumpa

Wiki ya pili mpe jengo la kupima, halisi, la mradi unaokuja. Nyumba ya zamani inayotaka kuongezwa chumba inatosha. Kama ofisi yako ina kazi Unguja, nyumba ya Mji Mkongwe ni shule isiyo na kifani: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, karibu hakuna pembe mraba, na ghorofa ya juu haifuati ya chini. Anayeipima nyumba ile akarudi na mchoro unaofungana, mwamini na futikamba maisha yote.

Kuanzia wiki ya tatu aingie kwenye michoro ya ujenzi, kwa kipande kinachoanza na kwisha. Jedwali la milango na madirisha ni kazi nzuri ya kwanza. Inamlazimu kupitia jengo lote, ina jibu sahihi, na makosa yake yanaonekana: idadi ya milango kwenye jedwali isipolingana na ramani, anajua mwenyewe. Mpe kisha choo kimoja kwa skeli 1:20, chenye vigae, mteremko wa sakafu, mabomba na kimo cha kila kitu. Wanafunzi wanadhani choo ni kazi ndogo hadi wanapojaribu. Baadaye ngazi, au ukingo wa paa pale jipsamu inapokutana na ukuta. Akimaliza kila kipande, mkae na mkadiriaji majenzi amwambie mstari mmoja aliousahau unagharimu shilingi ngapi.

Saiti, siku ileile kila wiki. Mpange aone zege likimwagwa mapema, ndani ya mwezi wa kwanza, na kuna sababu. Vipande vya zege vya majaribio, vile vya mchemraba wa milimita 150, huvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Zege likimwagwa wiki ya tatu, atayaona majibu yote mawili kabla hajaondoka. Likimwagwa wiki ya sita, ataondoka na nusu ya hadithi. Asubuhi ya kumwaga ahesabu nondo na ringi kwa mchoro wa mhandisi, aangalie kama nondo zimeinuliwa kwenye vijiwe vyake au zimelala juu ya mbao, na aandike. Kuamua lolote si kazi yake. Akiona kasoro amwambie msimamizi wake, ambaye atamwambia mhandisi. Njia hiyo ndefu ni sehemu ya mafunzo.

Mpeleke mara moja manispaa kufuatilia kibali cha ujenzi, akiwa na mtu mzoefu. Mara moja. Ofisi nyingine humgeuza mwanafunzi tarishi wa vibali kwa mwezi mzima, wakisema anajifunza mfumo. Anajifunza foleni. Kadhalika picha za kompyuta: wateja wanazipenda, mwanafunzi anazijua kuliko nyie, na kishawishi ni kumkalisha hapo wiki sita. Weka ukomo, tuseme siku moja kwa wiki. Chai kila mtu ajichemshie.

Kusahihisha

Saa kumi na nusu jioni, robo saa, kila siku. Chapa mchoro, kalamu nyekundu mkononi, mkae upande mmoja wa meza. Usimrekebishie kwenye kompyuta yake; vidole vyako vitakuwa vimejifunza, vyake havijafanya kitu. Weka alama penye kasoro na umwachie atafute jibu hadi asubuhi. Karatasi zenye wino mwekundu azihifadhi kwa mpangilio wa tarehe. Mwishoni mwa wiki nane rundo la kila wiki lina kimo kilekile, ila wekundu umepungua, na hiyo ndiyo ripoti nzuri kuliko zote atakazoandika.

Chuo kitampa daftari la kumbukumbu za kila siku. Lisaini kila Ijumaa, baada ya kulisoma. Daftari linalojazwa lote siku ya mwisho linajulikana kwa wino wake mmoja, na msimamizi wa chuo akija kukagua ataligundua kabla hajakaa. Siku hiyo ya ukaguzi mpe msimamizi wa chuo nafasi ya kuzungumza na mwanafunzi peke yake. Nawe mwambie ukweli kuhusu yanayokosekana chuoni. Wanahitaji kusikia, na nadra wanaambiwa.

Mambo yakiharibika, yasisubiri. Mwanafunzi anayechelewa kila siku mara nyingi ana sababu ya nauli au ya nyumbani. Muulize kabla ya kumfokea. Anayenyamaza siku nzima mbele ya skrini amekwama na anaogopa kusema. Kijana wetu amelelewa asimsumbue mkubwa, hivyo mwambie waziwazi kwamba akikwama nusu saa ni wajibu wake kuja. Akidanganya kuhusu kipimo, hilo ni jingine. Kipimo cha kubuni kinaingia kwenye nondo na kwenye pesa ya mtu. Onyo moja kwa maandishi, nakala kwa mratibu, na likijirudia arudi chuoni.

Wiki ya mwisho na mwaka unaofuata

Fomu ya tathmini ya chuo ijazwe na msimamizi, na mwanafunzi aambiwe kwa mdomo yaliyomo kabla ya bahasha kufungwa. Kumpa kila mtu alama tisini ni huruma ya bei rahisi. Wa sitini hatajua anachopaswa kukitengeneza, na wa tisini kweli hatatofautishwa. Naye akutathmini. Mwombe aandike mambo matatu ambayo ofisi ingeyafanya vingine, amkabidhi mtu asiye msimamizi wake. Soma bila kukasirika.

Akabidhi faili zote mahali pake, pamoja na ukurasa mmoja unaosema kila mchoro umefikia wapi. Apewe barua yenye kazi alizofanya, kwa majina: alipima hiki, alichora kile, alishuhudia zege siku fulani. "Alikuwa mtiifu na mchapakazi" haimsaidii popote.

Kama unamtaka, mwambie kabla hajaondoka, na uandike: mwaka ujao, miezi hii, malipo haya, mradi huu ukiwa umefika hatua hii. Katikati ya mwaka mtumie picha za jengo alilolipima likiendelea, na mwalike siku ya kukabidhi. Akihitimu, njia yake ya kusajiliwa na Bodi itapitia miaka ya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa na mtihani, naye atakuwa anatafuta ofisi. Ukiwa umemlea vizuri mara mbili, hutahitaji kutangaza nafasi hiyo. Februari inayofuata, mwandikie mratibu tena, umtajie huyu kwa jina na useme unahitaji mmoja mpya wa mwaka wa tatu wa kukaa chini yake.